Mashine ya Kiti cha Plamedi

Jumanne, 5 Agosti

Patasi tena, tangu niliporudi kutoka ofisini. Mfereji niliouchimba kwenye ubao umepinda. Ulianza vizuri, katikati mti ukachanika kufuata nyuzi zake, na mwisho wake sasa unaelekea Zambia. Nimesukuma kibao cha kukalia, kikakwama. Nimekitoa kwa nyundo.

Kiti ni cha Plamedi, mjukuu wangu. Ana miaka minne na bado hawezi kukaa bila kushikwa. Akili kali, kicheko kingi, mgongo ndio haujakubali. Masere, mtawa anayeongoza shule ya watoto wadogo, amesema atampokea shule zikifunguliwa, mradi awe na kiti kinachomshika sawasawa. Cha kwanza tulikinunua kando ya barabara. Kilimchubua kwapani mpaka Solange, binti yangu, mama yake Plamedi, akakitupa nyuma ya choo.

Basi nakitengeneza mwenyewe. Baba alinifundisha useremala nikiwa mdogo, na Jumamosi zangu bado napenda kuzimalizia uani kwenye vumbi la mbao. Lakini hakunifundisha kuchimba mifereji mingi inayolingana.

Vidole vinauma. Nalala.

Alhamisi, 7 Agosti

Asubuhi kwa Mama Bernadette, anayemfanyisha Plamedi mazoezi ya viungo. Nilimpelekea pande mbili za kiti. Amepitisha kiganja kwenye kingo zote, polepole, kama anapima homa. Kasema kingo ziwe za mviringo kila mahali mtoto anapogusa. Na kibao cha kukalia kiweze kupandishwa na kushushwa kadiri anavyokua, la sivyo mwakani natengeneza kingine.

Kwa patasi na msasa? Plamedi atakuwa ameolewa.

Kurudi, nilipita kwenye karakana ya samani, njia ya Kingamyambo. Fundi mmoja alikuwa na defonsezi. Ni mota iliyosimama wima, mishikio miwili, kisu kidogo kinazunguka chini yake. Aliipitisha mara moja kwenye ubao, ukingo ukawa laini kama wa sahani. Akaizima, akabadili kisu, akachimba mfereji mnyoofu kabisa. Mashine ile ile. Nilisimama pale mpaka akaniuliza natafuta nani.

Naitaka. Sina namna nyingine ya kusema.

Jumamosi, 9 Agosti

Mjini, dukani kwa Tata Ilunga, anayeuza vyombo vya mafundi. Anazo tatu. Ndogo ya kushika kwa mkono mmoja. Kubwa, nzito kama mtoto wa mbuzi. Na moja ya katikati, yenye vitako viwili: kimoja kimefungwa mahali pamoja, kwa kingo, kingine kinashuka na kupanda juu ya springi, kwa kuzamisha kisu katikati ya ubao. Mota unaihamisha tu kutoka kitako hadi kitako.

Tata Ilunga alinisogezea ile ndogo kabla sijafungua mdomo.

“Mama, hii kadogo njo ya banamuke. Haichokeshe mukono.”

Nilimwuliza kama itachimba mfereji kwenye mulombwa, maana pande za kiti ni za mti huo na mulombwa haucheki na mtu. Akakuna shingo. Sikununua. Nataka kufikiri.

Usiku nilimweleza mume wangu. Donatien hutengeneza malori makubwa ya machimbo, kule mgodi wa Mashamba, kwa hiyo kitu kisicho na uzito hakiamini. Hakungoja nimalize.

“Mama Solange, kamata ile kubwa. Mashini ya nguvu haidanganye mutu.”

Jumapili, 10 Agosti

Mabishano yameanza tukitoka misa, yameingia nasi nyumbani, yamekaa mezani pamoja na ugali wa bukari. Donatien: nguvu. Mimi: mkono unaoishika. Yeye: ukiwa na nguvu nyingi unaweza kufanya kazi ndogo, ukiwa na kidogo huwezi kufanya kubwa. Mimi: basi kesho nyoa ndevu kwa shoka.

Solange alicheka mpaka akapaliwa. Plamedi akacheka kwa sababu mama yake anacheka. Siku nzuri. Bado sijaamua, ila nadhani ya katikati. Vitako viwili vinanivuta. Na ina kidude cha kupunguza mwendo, Tata Ilunga alinionyesha.

Jumatano, 13 Agosti

Donatien ameingia jioni na mfuko begani. Ameutua mezani taratibu kama anaweka mtoto. Ile kubwa. Amepita dukani akitoka kazini, amenunua, hakuniuliza.

Alikuwa na furaha sana. Alisimama pale mikono kiunoni, akingoja uso wangu.

Nimekasirika. Nimesema asante. Vyote viwili ni kweli. Lakini kiti ni kazi yangu na mashine ningeichagua mimi. Nimeosha vyombo kwa kelele.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimewasha. Imenguruma, taa zikazimika. Zetu na za jirani. Umeme wa mtaa huu jioni ni wa kubembeleza, na dude hili huwaka lote kwa mara moja, halijui kuanza polepole. Jirani aliita juu ya ukuta kuuliza kama tumeanza kuchimba kobalti uani.

Tumerudisha umeme. Nikangoja majirani wapike, nikajaribu tena.

Nilifunga upande wa kiti kwenye meza, nikashika mashine kwa mikono miwili, nikaisukuma. Ilitembea kidogo. Halafu kisu kiliuma, mashine ikaruka kando na kunivuta nayo, na kipande cha mulombwa kikapasuka kikapita karibu na sikio langu. Nilizima.

Sijaumia. Upande wa kiti umekufa. Kovu toka juu hadi katikati.

Sina ubao mwingine wa mulombwa.

Ijumaa, 15 Agosti

Hatuzungumzi. Si kwa hasira. Hakuna wa kuanza.

Ofisini nimekosea kuandika majina. Nimepika sombe ya majani ya muhogo, chumvi imezidi, wote wamekunywa maji mengi. Baada ya chakula Donatien amekwenda uani, ameokota ule ubao, ameushika kwenye mwanga muda mrefu. Ameweka kidole palipopasuka. Kisha amenitazama sikio.

Ninaogopa. Shule zinakaribia. Masere ni mwema, lakini nafasi moja haiwezi kungoja mwaka mzima, na watoto wengine wapo. Solange ameshanunua mkoba wa shule. Wa rangi ya waridi. Umetundikwa mlangoni na Plamedi anausemesha.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimeamka nikakuta Donatien ameshairudisha mashine mfukoni.

“Twende bote. Weye njo utashika, weye njo utachagula. Mi nitabeba tu.”

Tulikwenda. Tata Ilunga aliona mfuko, akaona nyuso zetu, akaanza kusema kitu kilichokwisha kuuzwa kimeuzwa. Donatien alimwambia kwa utulivu kwamba dude limekaribia kumtoa mke wake jicho, na kwamba kwenye kambi yao mafundi wako wengi na wote wananunua vyombo mahali fulani. Tata Ilunga akafikiri. Akakubali kubadilisha.

Safari hii sikutaka maneno. Nilikuwa nimebeba kipande cha paini cha sanduku la vipuri na kipande cha ule mulombwa uliokufa. Nikaomba achomeke waya.

Ndogo kwanza. Ukingo safi, mzuri sana. Kwenye mfereji ikaanza kulia na kunuka moto. Nikaizima kwa heshima.

Ya katikati. Iliamka taratibu, kama mtu aliyelala vizuri. Nikapunguza mwendo, nikaipitisha juu ya mulombwa kidogo, nikarudia kidogo tena chini zaidi. Haikuruka. Mishikio yake iko chini, karibu na ubao, mikono inajua iko wapi. Nikahamisha mota kwenye kitako cha pili, nikaufanya ukingo uwe wa mviringo. Nikampa Donatien.

Aliipitisha mara moja. Akapuliza vumbi. Akapapasa mfereji kwa ukucha. Nikangoja.

“Njo hii,” akasema. Halafu, bila kunitazama: “Ile ingine ilikuwa ya kuvunja ukuta ya lupango.”

Tata Ilunga ametuongezea miwani ya kukinga macho. Nimerudi nimekaa mbele kwenye teksi, mashine mapajani. Nimefurahi kama mjinga.

Jumatatu, 18 Agosti

Najifunza. Kwenye ukingo wa nje unasukuma mashine kutoka kushoto kwenda kulia, kisu kikiwa upande wako. Ukienda kinyume inataka kukimbia. Ukikawia mahali pamoja mti unaungua na kunuka kama kahawa. Ukiwa na pupa unapasuka. Ukate kidogo, urudi, ukate kidogo. Na kabla ya kugusa kisu, waya nje. Donatien ameniapisha hilo.

Natumia paini tu. Uani pote ni mifereji isiyo na kazi. Solange ameniuliza kama nina mpango wa kuchimba hata meza ya kulia.

Nimepatwa na raha niliyoisahau. Mabega yanauma na sijali.

Jumamosi, 23 Agosti

Nilikwenda soko la mbao. Mulombwa mkavu hakuna. Upo mbichi, utapinda kabla ya Krismasi. Nimerudi na mikono mitupu na moyo mzito.

Nimekuta Donatien barazani na bisibisi. Ameng'oa mgongo wa lile benchi lake, la mulombwa, alilorithi kwa mjomba wake, analokalia kila jioni akitoka Mashamba. Ubao mpana, mkavu, wa miaka mingi. Ameuegemeza ukutani upande wangu.

Nilimwambia hapana. Akasema mgongo wake yeye tayari unajua kusimama.

Nilikwenda kuchukua rula.

Jioni mifereji yote ilikuwa imekatwa. Donatien alishika ubao wa kuongozea mashine, mimi nikasukuma. Tumesukuma kibao cha kukalia. Kimeteleza mpaka chini kwa sauti ndogo. Tukakitoa, tukakirudisha. Tukakitoa tena, bure tu.

Jumatano, 27 Agosti

Umeme umekatika tangu jana asubuhi. Nimepiga msasa kwa mkono na kutukana kwa moyo. Bado meza ndogo ya mbele ya kiti, inayotaka mfereji wake.

Mama Bernadette amepita nyumbani kumjaribisha Plamedi. Tumemkalisha, tumemfunga mkanda wa kitambaa. Aliinamia kushoto. Solange akanyoosha mikono, Mama Bernadette akamzuia. Tukatazama. Plamedi akashika ukingo, akajivuta, akarudi katikati mwenyewe. Akatutazama kama anatuuliza tunashangaa nini.

Kasoro mbili. Kibao cha miguu kiko chini mno, na kichwa kinahitaji mto mdogo. Mama Bernadette ametafuta pa kumchubua, hakupata.

Umeme, tafadhali.

Jumamosi, 30 Agosti

Umerudi asubuhi nikiwa na sabuni usoni. Nimekimbia uani hivyo hivyo.

Kibao cha miguu nimekipandisha, mto wa kichwa umeshonwa, na meza ya mbele imekwisha. Inaingia, inatoka. Pembe zake nimezilainisha mara mbili zaidi ya lazima. Solange amekipaka kiti mafuta ya mbao. Mulombwa umetoa rangi yake, nyekundu ya giza. Majirani wamekuja kuona. Yule wa ukutani ameuliza kama naweza kumtengenezea kabati, nikamwambia apange foleni.

Donatien sasa anakaa kwenye benchi lisilo na mgongo, ameegemea ukuta. Anasema ni afadhali. Anadanganya vizuri.

Jumatatu, 1 Septemba

Tumekwenda wote. Donatien ameomba ruhusa kazini, amebeba kiti kichwani toka barabarani mpaka shuleni. Plamedi mgongoni kwa mama yake, mkoba wa waridi mgongoni kwake.

Masere alipiga magoti mbele ya kiti. Alipitisha mkono chini ya sehemu ya kuwekea mikono, ndani ya pande, chini ya meza, mahali ambapo mtu haangalii. Akatoa kibao cha kukalia, akakirudisha. Akauliza nani fundi. Donatien akaninyooshea kidole kabla sijajibu.

“Mama, bazazi bakiuliza, nitabatuma kwako,” akasema Masere. “Kuko batoto bengine babili, mu mitaa ya chini. Banabakia kwenye mukeka, habana na kiti.”

Halafu akambeba Plamedi yeye mwenyewe, akamkalisha kwenye kiti, mezani na wenzake. Mtoto mmoja alimsogezea kalamu ya rangi. Plamedi aliichukua, akageuka kutazama dirisha, hakututafuta.

Nimelia njiani. Si sana. Donatien alijifanya anatazama malori.

Alhamisi, 4 Septemba

Plamedi amerudi amelala begani kwa Solange, uji kwenye nywele, rangi ya bluu kwenye mashavu. Solange amemlaza kitandani bila kumvua viatu, akaenda kuchota maji.

Hakuna upepo leo, na vumbi limetulia juu ya majani. Donatien hajarudi. Nimeketi karibu na mtoto. Anapumua kwa mdomo wazi. Nimemfungua kiatu kimoja, kisha cha pili, nikaviweka chini polepole asisikie.