Kicheko Chenu Nyuma ya Mlango

Mama,

Kaburi lako liko hapo tu kwenye migomba, lakini haya naona aibu kukuambia kwa sauti. Nimemaliza shule. Ng'ombe amezaa jike. Na rafiki yako Mama Neema amepona.

Hilo la mwisho linaniuma. Mlipigwa mionzi pamoja kwa saratani ileile ya shingo ya kizazi. Yeye amebaki na Neema wake, wewe baadaye ukazidiwa. Kanisani Neema akimshika mama yake mkono, mimi natazama kitabu cha nyimbo.

Wivu wenyewe ulianza ukiwa hai. Alikuwa akija, mnajifungia chumbani. Mimi jikoni naponda ndizi za mtori, nasikia mnacheka. Nikigonga, unanijibu ukiwa ndani: "Nenda kaangalie mtori, Aika."

Wiki iliyopita alikuja na maziwa. Nikamwamkia nikitazama chini. Ndipo akaniambia mlichokuwa mkicheka. Kwamba mionzi hukausha uke, ukakaza, kuta zikaanza kushikana. Kwamba nesi alimpa kila mmoja kifaa chake laini cha kuupanua polepole, na jeli ya kulainishia. Mliogopa, kwa hiyo mkafanya pamoja, mmejifunika kanga, mmegeuziana migongo. Ukamwambia, "Mwenzangu, tumezaa watoto, leo tuogope kiplastiki hiki?"

Tangu ufe, ameacha. Juzi kliniki daktari alishindwa kumpima, pamebana mno. Asipopimwa, hawatajua kama ugonjwa unarudi.

"Peke yangu nalia tu," alisema. Akaomba nikae nje ya mlango wake, nimsimulie chochote.

Nikamuuliza kwa nini asimwombe Neema.

"Neema ataogopa, mwanangu. Wewe umeshaona, ulimuuguza mama yako."

Nilichukia, Mama. Hata kuogopa, Neema anaruhusiwa. Lakini nilikwenda.

Nilikaa kwenye kigoda nje ya mlango wake. Nikasikia anavuta pumzi kwa shida. Basi nikaanza tu: ulivyomchinja jogoo wa mchungaji ukidhani ni wetu, halafu ukampelekea supu, naye akakuombea baraka.

Akacheka. Kicheko kilekile cha nyuma ya mlango, ila safari hii nilikuwa nacheka nacho.

Bado namwonea wivu, sitakudanganya. Lakini nakuahidi nitakwenda kila atakaponiita, mpaka daktari aweze kumpima, na hata baadaye. Mtori tu sitampikia. Ule ni wako.

Pumzika, Mama.

Aika wako