Tawi la Maua la Dona Haruko

Lisboa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, miguu imepungua kuvimba, na nyumba yetu ya Palma imeshaezekwa. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Baridi inaondoka, ila bado navaa soksi mbili mbili, ungeniona ungecheka.

Nikupe habari za Dona Haruko, yule bibi wa Kijapani ninayemtunza. Aliolewa na Mreno, mume akafariki, watoto hawakujaliwa. Kila mwaka miti ikianza kutoa maua hukata tawi moja la cheri bustanini, akaliweka kwenye bakuli la udongo mbele ya kitambaa cheusi, akalipiga picha kwa mpangilio wa kwao. Picha humpelekea dada yake huko Japani. Dada ni mgonjwa wa kitandani, na kusafiri hawawezi tena, si huyu si yule.

Mwaka huu mikono yake imeanza kutetemeka. Alijaribu asubuhi nzima, kila picha ikatoka na ukungu. Mwishowe akaiweka kamera chini, akaniambia nikalitupe tawi. Sikulitupa, Mama. Nililitia kwenye maji jikoni, nikapika chai, nikamwomba anifundishe. Akaniambia nivute pazia kidogo, mwanga uingie kwa ubavu.

Tukabishana. Niliona upande mmoja wa meza umebaki mtupu, nikaweka machungwa kwenye sahani. Kwetu mgeni haandaliwi sinia tupu. Akayaondoa. Nikamuuliza mbona anaacha pengo kubwa vile. Akasema kwa upole, "Hapo ni pa dada yangu. Ukipajaza, atakaa wapi?"

Nilikukumbuka ulivyokuwa ukiacha nafasi ya marehemu Baba mkekani, tulipokimbilia mjini Pemba wakati wa vita, nasi watoto tukidhani umesahau kusogea. Nikaishika kamera, yeye akanishika bega, nikabonyeza.

Picha tuliituma, na juzi dada mtu akapiga simu. Walizungumza Kijapani, sikuambulia neno, lakini nilimwona Dona Haruko akipangusa machozi huku anacheka. Baadaye akanieleza kuwa dada ametambua mara moja kwamba mkono uliopiga si wake, akauliza ni wa nani. Naye akamjibu, "Ni wa mtu wa nyumbani."

Mama, tangu nifike huku naitwa empregada, mtumishi. Siku ile nilifua mashuka nikiimba.

Nimekuwekea nakala ya picha humu. Nisalimie kaka Amade na darasa lake la madrasa, shangazi Atija na biashara yake ya samaki, na jirani yetu Mama Anjelina, Mmakonde aliyetupokea tulipokuwa hatuna pa kulala.

Na jambo lenyewe nililokaa kukuandikia: Dona Haruko amenipa ruhusa ya kuja nyumbani. Idi hii, inshallah, tutakula pamoja.

Akupendaye siku zote,
binti yako Mwanaisha