Ndoo ya Mama Koleta

Mume wangu Deo, mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika huku mlimani, marahaba. Tu wazima, kabichi zimefunga vizuri, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeniuliza utaendeleaje kusali na kazi haionekani tangu umalize chuo Mzumbe. Nikiwa msichana, mvua ilikata barabara, na padre hakufika kigangoni kwetu miezi mingi. Jumapili tukaanza kwenda shamba. Mama Koleta, mke wa katekista, hakuacha. Kila Jumamosi alifua kitambaa cha altare na kukipiga pasi ya mkaa. Nilimwambia anajichosha bure. Akasema, "Mwanangu, vumbi halisubiri padre."

Jumapili moja padre akatokea kwa miguu bila taarifa, matope hadi magotini. Akamkuta Mama Koleta peke yake. "Wengine wako wapi?"

"Wako njiani, Padre," akajibu, kisha akaenda kupiga kengele.

Tulikimbia na majembe mabegani. Mlangoni tukakuta ndoo ya maji ya kunawa miguu. Aliijaza kila Jumapili, Deo. Sisi ndio hatukuwapo kuiona.

Bibi yako anayekuombea