Suruali Zilizopinda Upande

Dukani, mlango wa pili kutoka kwa kinyozi
Jumanne, 4 Machi

Mpendwa Dada Mkubwa,

Salamu kwanza. Macho yanaendeleaje? Na shemeji, kikohozi kimemwacha au bado wanalala pamoja? Huku tu wazima, ukiondoa nyonga yangu, ambayo najua ndiyo iliyokufanya ufungue barua haraka.

Tangu niteleze ngazini haijapona. Kila asubuhi mimi naamka, yenyewe inafuata baadaye. Daktari wa viungo ameniagiza nishike meza ya kukatia, niinue mguu mara kumi, nizunguke duka, nirudie. Mteja mmoja alinikuta hapo akauliza kama najifunza dansi.

Nikuambie aibu yangu kabla wifi yako hajakupigia simu. Unajua suruali nikishaipima, huiweka mwilini mwangu na kutia alama ya pindo kwa jicho, kama baba alivyotufundisha. Kumbe miezi mitatu nimekuwa nikisimama nimelalia mguu mzima. Nilishona suruali saba, sita zikarudi: mguu wa kulia mfupi kwa upana wa kidole. Watu wazima na afya zao, nimewatembeza mjini kama wanachechemea.

Nilizifumua zote. Sasa natumia tepu tu, tena mara mbili. Wifi yako alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia. Hapo paliniuma kuliko nyonga.

Ya saba ilikuwa ya fundi saa, jirani yangu. Alikuja ameivaa, akasema, "Fundi, miaka yote hii, leo ndiyo nimepata suruali ya kunikaa." Kumbe mguu wake wa kulia ni mfupi. Hakuwahi kusema, nami sikuwahi kutazama. Ameagiza mbili.

Umeniomba nifunge duka nije nipumzike kwako. Asante, najua ni upendo. Lakini mshona viatu wa mtaani kwetu alipumzisha mgongo mwezi mmoja tu, na sasa anashikwa mkono kufika mlangoni. Maumivu nimeyazoea, dada. Ninachoogopa ni kukaa bure.

Wasalimie shemeji na wapwa zangu, Mwalimu na Kibonge. Mungu akulindie macho, akuongezee na pumzi.

Nitakuja Agosti, siku nne. Nitafutie mapazia ya kushona, shuka, chochote. Usinitandikie kitanda mchana. Nikilala, sina hakika nitainuka.

Mdogo wako akupendaye daima,
Fundi