Zamu ya Langoni

Kwako kaka Euthias, kambini Thrake.

Pokea salamu za mdogo wako Filinos, mwimbaji bora kuliko wote waliowahi kuvaa kinyago hapa Athene, na watakaozaliwa wasijisumbue. Natumaini baridi ya huko haijakukata masikio. Sisi huku kijijini Akarnae tu wazima. Mama anauza mkaa na kugombana na wateja kama kawaida, na punda amepona mguu. Mwandiko nivumilie, unajua mwalimu alinichoka kabla hatujamaliza herufi.

Sikukuu ya mungu Dioniso, na mashindano yake ya michezo ya kuigiza, imepita. Tulikuwa waimbaji kumi na watano wenye ndevu za wazee, mimi safu ya mbele, pahali pa wenye miguu ya kutazamwa. Mtunzi wetu, mzee Aristonimo, alituambia kila siku kwamba watu hawaji kumlilia mwovu, wala mwema kupita kiasi. Humlilia mtu kama wao, aliyekosea jambo moja na bado hajalijua. Kefalo, aliyesimama nyuma yangu, akaninong'oneza eti basi nafasi ya mfalme mchezoni ningepewa mimi, maana nakosea tangu asubuhi na sijui hata moja. Nikamjibu kwamba yeye asikivue kile kinyago, kinamkaa kuliko sura aliyopewa na mama yake.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mfalme aliyebaki ndani, ndugu yake akamshikia zamu ya lango. Unajua kwetu hauawi mtu mbele ya watazamaji. Hutoka mjumbe akasimulia. Basi mjumbe akatoka, akaeleza mkuki ulivyoingia chini ya kwapa, na jinsi yule ndugu, akiwa amelala chini, alivyouliza kama zamu imekwisha.

Hapo zumari lilitutaka tugeuke kushoto tukiimba. Wenzangu wakageuka. Miguu yangu, hii hii ninayoisifu, ikakataa. Kefalo akanigonga mgongoni, wa nyuma akamgonga Kefalo, tukarundikana kama mbuzi kwenye kijilango. Watu wote wale, walioanza kufuta machozi, wakacheka. Katika mashindano tumekuwa wa tatu kati ya watatu. Mfadhili wa kundi letu, aliyetulisha miezi yote hiyo, alisema angemvalisha punda wetu kinyago. Mzee Aristonimo aliokota vinyago vyetu kimoja kimoja, na hilo ndilo lililoniuma.

Sasa sikia. Juzi nilikwenda kwa kamanda nikaandikisha jina langu. Meli inaondoka mwezi ukiandama. Mama alinipiga mwiko wa bega, kisha akanifungia jibini na vitunguu. Nikifika, wewe unapanda meli hiyo hiyo unarudi, na usianze ubishi wako wa mkubwa; kamanda amekubali.

Ila kabla hujaniona, ujue jambo hili. Kikosi kilipotaka mmoja kutoka nyumba yetu, jina lililosomwa lilikuwa langu. Nilikuambia mfadhili alikwisha kunichukua kwa lazima, na mwimbaji hapelekwi vitani. Ukacheka, ukachukua ngao ya baba. Mfadhili hakunichukua, kaka. Nilimfuata mwenyewe jioni ile ile, nikamshika magoti anipokee.

Wasalimie wenzako wa hemani. Jifunike vizuri, na zamu za langoni ziache mpaka nije.

Ni mimi nduguyo Filinos, niliyeogopa.