Mjomba Rafaqat na Kipengele cha Tisa

Jumatatu, 6 Novemba

Nimepewa nywila! Mimi, Waqas, niliyefeli kemia mara mbili na Kiingereza mara moja na nusu (ile nusu nilitolewa nje kwa kucheka). Kuanzia leo mimi ndiye msimamizi wa mfumo wa mafunzo wa kiwanda kizima cha mikasi ya hospitali. Mji wote wa Sialkot ulale, uko salama.

Ilivyokuwa: Madam Humera, mkuu wa ubora, kasema wanunuzi wa ng'ambo wamechoka kuambiwa kwa mdomo tu kwamba mafundi wetu wanaijua kazi. Mikasi yetu inapasua watu. Wanataka ushahidi. Masomo yameshawekwa mtandaoni, na picha na video. Kilichobaki ni orodha za kupimia. Fundi anafanya kazi, mtu anasimama mbele yake na tableti, na kwa kila hatua anaweka tiki. Yote yawe tayari kabla ya tarehe 25. Atakayekwama hataigusa oda mpya — anapelekwa kufunga maboksi.

Akauliza, nani anawajua mafundi na simu pia anaijua? Watu wote wakanitazama. Haya, walikuwa wawili, wa tatu alikuwa anasinzia. Lakini walinitazama!

Naanza na meza ngumu kuliko zote: kuseti. Mkasi ukishanolewa haukati bado. Lazima ugongwe na kupindwa kidogo, unywele kwa unywele, mpaka makali yake mawili yakutane sawasawa toka shina hadi ncha. Hiyo ni meza ya Mjomba Rafaqat, kaka yake mama. Miaka thelathini na moja pale pale, nyundo ile ile, utani ule ule.

Jumanne, 7 Novemba

Nimekaa na Mjomba tangu asubuhi, yeye anasema, mimi naandika. Kabla hajaanza kaniuliza kama ni kweli nitampima yeye.

"Umefeli kemia mara mbili, leo unanipima mimi?"

"Ndiyo maana, Mjomba. Aliyezoea kufeli ndiye anayejua kufelisha."

Alicheka mpaka chai ikamwagika mezani. Siku hizi chai yake inamwagika sana.

Hatua ishirini na mbili! Kunawa mikono. Kufuta meza. Kukagua msumari wa kati. Kugonga mara tatu, kugeuza, kugonga mara mbili. Kuna moja aliisema kama anaswalisha: "Unauinua mkasi kwenye taa. Unaufunga polepole. Kati ya makali mawili utaona uzi wa mwanga. Uzi usikatike njiani, ufie nchani." Nikaiandika vile vile.

Nimeziingiza zote. Kila kipengele kina kitufe cha LAZIMA. Nimevibonyeza vyote ishirini na viwili — raha yake! Alama ya kufaulu: mia kwa mia. Madam akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia, Madam, hii si mikasi ya kukatia giligilani.

Jumatano, 8 Novemba

Aibu. Aibu yenye magurudumu.

Wa kwanza kupimwa, Irfan. Ana miezi mitano tu pale mezani. Alikuwa ameikariri orodha kama dua. Kanawa, kafuta, kagonga tatu, kageuza, kagonga mbili. Ishirini na mbili kwa ishirini na mbili! Skrini ikawa kijani.

Wa pili, Mjomba. Kachukua mkasi. Tap. Tap-tap. Kaufunga sikioni, tsss. Kautupa kwenye trei. "Mwingine."

Nikamwambia, Mjomba, na hatua zingine? Akasema, zipi?

Saba kwa ishirini na mbili. Skrini nyekundu, herufi kubwa: BADO HAJAWEZA. Karakana nzima ikaangua kicheko. Mjomba akaniomba nimsomee. Nikamsomea kwa sauti ndogo. Akasema nirudie, wa kule mwisho hawajasikia.

"Lakini orodha umeitoa wewe mwenyewe!"

"Nilikupa ya mwanafunzi, we bwege. Mwanafunzi hupewa ya mwanafunzi. Ningekwambia ninavyofanya mimi ungeandika mistari minne, uende kwa Madam ukamwambie Rafaqat mvivu."

Hapo nikaamua kurekebisha orodha haraka. Haifunguki! Ikishatumika kumpima mtu hata mmoja, inajifunga. Kinyozi hajinyoi, na msimamizi hajisimamii.

Na bado haijaisha. Madam Humera kachukua mkasi wa Irfan, yule wa kijani, akajaribu kukata pamba iliyoloweshwa. Mkasi ukaitafuna. Kama mbuzi anatafuna gazeti. Akachukua wa Mjomba. Pamba ikaachana, kimya, kana kwamba ilikuwa imeshaamua.

Madam akaiweka mikasi yote miwili mbele yangu. Alinitazama tu. Afadhali angenifokea.

Ijumaa, 10 Novemba

Nyumbani habari zilinitangulia. Mama: "Umemfelisha kaka yangu?" Nikaeleza mambo ya mfumo. Akanisikiliza vizuri, akaniwekea chapati ya jana. Mdogo wangu kapewa ya moto, ina samli.

Jumamosi, 11 Novemba

Orodha mpya! Toleo la pili, na hili ni la kiume. Mambo ya kunawa na kufuta nimeyahamishia kwenye somo. Nimebakiza vipengele kumi. Cha kumi ni changu mwenyewe, mtu asiniibie: MKASI UNAKATA PAMBA ILIYOLOWESHWA KWA NCHA, HAUTAFUNI. Fundi agonge anavyotaka, hata kwa kiwiko — mwisho wake pamba iseme. Madam kakisoma mara mbili, kasema, "Waqas, hiki ni kizuri." Mara mbili!

Nimeweka pia sauti yangu kwenye kila kipengele, kwa wasiosoma. Irfan anasema nasikika kama tangazo la dawa ya mende. Wivu.

Mjomba amekubali yote isipokuwa kimoja. Cha tisa, kile cha uzi wa mwanga.

"Hicho toa."

"Mjomba, ndicho kizuri kuliko vyote. Umekisema mwenyewe."

"Toa."

Nikamwambia haiwezekani, wanunuzi wenyewe wanadai mkasi ukaguliwe kwa jicho, imo kwenye karatasi zao, Madam kaniwekea mstari mwekundu. Hakunitania hata! Akachukua nyundo akaanza kuifuta, nyundo ambayo ilikuwa safi.

Jumapili, 12 Novemba

Juu ya paa, darini kwa Mjomba, na njiwa wake. Moshi wa Novemba, ule unaoufunika mji kila mwaka, umeanza, jua lilikuwa kama sarafu ndani ya chai. Karanga, chumvi, stori. Karusha kundi lote. Walipoanza kurudi akaniambia nihesabu, shingo inamuuma. Mwaka juzi alikuwa anamtambua njiwa wake angali nukta, anakwambia, yule wa kushoto ni jike, ana unyoya mmoja mweusi. Watu walikuwa wanakuja kuweka dau.

Nikahesabu kumi na wanne. Akasema mmoja bado, yule aliyemnunua mji wa Multan. Akakaa. Baadaye kidogo kageuza kichwa: "Huyo." Mimi nilikuwa sijaona kitu! Kisha puu, akatua. Anamjua kwa mlio wa bawa lake.

Nikamwambia anajidai. Akasema, kujidai nimerithi kwako.

Jumatano, 15 Novemba

Naandika jambo ambalo sijamwambia mtu.

Mjomba kapimwa tena. Anayepima husimama mbele, uso kwa uso, wengine wote wako nyuma ya fundi. Madam alikuwa nyuma. Irfan nyuma. Mbele nilikuwa peke yangu.

Cha kwanza mpaka cha nane — tiki, tiki, tiki. Mkono wake, jamani! Ile nyundo haigongi, inabembeleza. Cha tisa. Kauinua mkasi kwenye taa, juu kabisa, karakana yote ione. Akaanza kuufunga polepole.

Na akafumba macho.

Yote mawili. Taa inamwakia usoni, mkasi uko juu, na mzee kafumba macho anausikiliza. Tsss. Akayafumbua. "Uzi umefia nchani," akasema.

Cha kumi: pamba ikaachana kimya. Watu wakapiga makofi.

Kidole changu kikabaki hewani, juu ya cha tisa.

"Bonyeza, bwana mtihani. Au kidole kimeota kutu?"

Nikasema mtandao umekatika. Mtandao ulikuwa umejaa vistari vyote. Nikabonyeza HIFADHI RASIMU.

Alhamisi, 16 Novemba

Shingo inayouma. Chai inayomwagika. "Nisomee," wakati herufi zile zilikuwa kubwa kama mbuzi, na kusoma namba na herufi kubwa Mjomba anajua. Mimi mwerevu wa mtaa sikuona kitu. Nani kipofu hapa?

Ningeweza kuweka tiki. Hakuna ambaye angejua. Na mikasi yake inakata! Lakini mwezi uliopita ukaguzi wa mwisho ulirudisha mitatu ya meza yake, yenye pengo dogo katikati. Alisema chuma kibaya. Miaka thelathini na moja hakuwahi kurudishiwa hata mmoja. Kumbe sikio husikia nyingi, si zote. Na mkasi wa nne ukipita, ukafika kwenye tumbo la mtu?

Nisipoweka tiki — maboksi. Mjomba Rafaqat na gundi ya karatasi. Atakufa kwa kukosa wa kumtania.

Rasimu inajifuta yenyewe Jumamosi saa sita mchana. Ikijifuta, mfumo unamwandika hajafaulu, na hii ndiyo nafasi yake ya pili na ya mwisho. Nani kaweka nafasi mbili tu? Mimi. Nilidhani inapendeza.

Madam kaandika kwenye simu: "Waqas, cha tisa?" Nimejibu kwa kidole gumba. Sijui hata maana yake nini.

Ijumaa, 17 Novemba

Baada ya swala nilimfuata mpaka kwenye kigari cha viazi vitamu. Nikamwambia kavu kavu. Mjomba, ulifumba macho.

Akasema mafundi wote hufumba. Nikasema si kweli. Akasema mimi nimesimama mezani lini. Nikasema nimekuwa nasimama pale tangu ninafika kwenye goti lako, na ulikuwa unaniinua nione huo uzi, na nilikuwa nauona! Nikagundua napiga kelele. Muuza viazi akajifanya anatafuta limau.

Akabandua ganda la kiazi chake, lote. Kisha:

"Tangu moshi wa mwaka juzi. Nilidhani ni moshi. Nikangoja uishe. Kwa watu wote ukaisha, kwangu ukabaki."

Nikamwambia hiyo itakuwa mtoto wa jicho tu, mama yake Irfan alifanyiwa, leo anatunga uzi kwenye sindano. Wanakata kidogo, nusu saa, umetoka.

"Wanakata! Kwa kitu gani?"

"Kwa mkasi, Mjomba. Mkasi mdogo. Na kisu."

"Ndiyo! Mkasi! Na mimi naijua mikasi, mwanangu, wewe huijui. Nani ananihakikishia haukusetiwa na Irfan?"

Nilitaka kucheka, nikamwona ameficha mikono yote miwili kwapani. Hakuwa anatania. Mtu ameseti mikasi ya macho ya nusu ya dunia, na anaogopa mmoja.

Nikamwambia cha tisa nakiacha wazi mpaka akapimwe macho. Siweki tiki, siweki BADO HAJAWEZA. Hospitali ya macho inafunguliwa kesho asubuhi, pikipiki ninayo, ruhusa nitaomba. Akipata karatasi tu ya daktari kwamba yuko kwenye matibabu, kuna kisanduku cha maelezo, naipakia pale na rasimu inasimama, haifutiki. Hiyo nimeisoma mwenyewe kwenye mwongozo, ukurasa wa arobaini, na usingizi ulinishika kwenye wa tatu!

Akasimama. Akaniachia kiazi chake mkononi.

"Weka tiki au usiweke. Ila darini kwangu usije tena kuhesabu njiwa."

Akaenda zake, ameshika ukuta kidogo. Nilidhani zamani ni madaha.

Jumamosi, 18 Novemba

Saa mbili. Niko tayari, nimechana nywele. Hajaja. Mama kasema kaka yake tangu utotoni ukimvuta anakaa chini. Kanipa chapati ya moto. Simuelewi.

Saa tatu. Madam: "Waqas, naona rasimu bado. Kuna shida?" Nikaandika, "Anasikia vizuri kuliko sisi sote tunavyoona." Nikafuta. Nikaandika, "Nitakuambia ukweli leo, Madam, nipe mpaka saa sita." Nikatuma kabla sijaogopa. Kajibu: "Sawa. Sita kamili."

Saa tatu na nusu. Hajaja. Nimeifungua tableti nikaifunga. Tiki tisa za kijani, na kisanduku kimoja cheupe kama jino. Kidole kimoja tu, Waqas. Kidole kimoja, na Jumapili unarudi darini.

Sikuweka.

Saa nne na robo. Honi! Nje kuna mtu amekalia pikipiki yangu, anapiga honi kama harusi. Kavaa shalwar-kamizi nyeupe ya Idi, shati refu na suruali yake pana, na skafu shingoni. Kasema hajaja kwa ajili ya macho. Kaja kuangalia kama breki zangu ziko sawa, na kama breki ziko sawa, basi twende popote.

Mama kamuuliza ana nini mkononi. Hakutaka kuonyesha. Mama kamfungua vidole, kimoja kimoja, kama mtoto. Leso. Ndani ya leso mkasi mdogo wa macho, unang'aa, umepakwa mafuta.

"Nimeuseti jana usiku," kasema, "kwa sikio. Nitampa daktari. Akikata, akate na huu."

Kisha kaninyooshea mimi huo mkasi, uso ameugeuzia upande.

"Hebu wewe uinue kwenye jua. Niambie uzi umefia wapi."

Nimeuinua. Moshi umetanda, jua lenyewe ni la kubahatisha. Naufunga polepole. Mama anasema twende, foleni. Mjomba kafumba macho, anangoja. Uzi unashuka, unashuka, na hapa katikati unakatika. "Umekatika katikati, Mjomba," namwambia.