Mama Bado Anafukuza Ndege

Jumatatu, Ruaruke.

Mvua imekatika tangu saa nne asubuhi, lakini jua halijatoka. Nguo za juzi zimening'inia kambani, bado mbichi. Nimekaa barazani kwa mama na kompyuta mapajani. Hamu ya kuandika sina, ila nikiendelea kukaa kimya nitapasuka.

Waliozoea blogu hii wananijua kwa maneno makubwa. Nimewaandikia humu namna ya kuongoza watu, namna ya kuzungumza na wawekezaji, na jinsi mtoto wa wakulima wa Rufiji alivyofika kuwa mtendaji mkuu wa kampuni ya michezo ya simu. Nilikuwa najisifu tu, sasa naona. Leo sina la kumfundisha mtu.

Mama alifariki siku arobaini na mbili zilizopita.

Wasioujua mchezo wetu niwaeleze kidogo. Mchezaji anakaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu tunachokijenga shambani kwa ajili ya kulinda mpunga. Ndege wanakuja makundi kwa makundi, naye anawafukuza kwa kombeo na kelele. Akizembea wanatua, wanakula, mchezo unaisha. Hapo ndipo inaposikika sauti ya mwanamke: "Weee! Lala tu! Ndege washashiba, wewe utakula nini?" Watu waliupenda mchezo, lakini kwa kweli sauti ile ndiyo iliyoubeba. Niliwahi kuwasikia wauza nguo wa Kariakoo wakitaniana kwa maneno hayo, nikavimba kichwa wiki nzima.

Sauti ile ni ya mama, na wala hakuwa anaigiza. Nilikwenda shambani kwake bondeni kurekodi milio ya ndege, nikapanda naye dunguni, nikawa nimeinamia simu kupangapanga mambo yangu huku kundi zima linashuka upande wa pili. Alinifokea mimi, na simu ikadaka. Alipokuja kujua kwamba yumo kwenye mchezo alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo akawa anawaambia majirani kwamba mwanawe ni mkubwa wa michezo ya watoto huko Dar es Salaam, maana kazi za watu wazima zimemshinda.

Jumamosi ilikuwa arobaini yake.

Kwetu msiba haukamiliki bila mtani. Mtani wa mama ni Bi Tatu, mtoto wa mjomba wake. Maisha yao yote wametukanana kwa mapenzi, na kazi ya mtani marehemu akishazikwa inajulikana: anamwiga. Anavaa nguo yake, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, mpaka wafiwa wacheke bila kupenda, kisha anavua na kulipwa chochote. Siku ya mazishi Bi Tatu alikuwa amelazwa Kibiti kwa presha. Kwa hiyo zamu yake ilikuwa Jumamosi, na watu walikuwa wanamsubiri.

Hitima ilipokwisha aliingia uani amejifunga kanga ya mama, ile ya rangi ya ndimu, mkono mmoja kiunoni, anachechemea mguu wa kushoto vile vile kama mwenyewe. Vicheko vikaanza kwa wanawake. Akamsogelea imamu akamwambia kanzu yake haikupigwa pasi, jambo ambalo mama angelisema bila hata kupepesa macho. Dada yangu Mwajuma, ambaye hakuwa amecheka tangu siku ile, alijiziba mdomo kwa mtandio na mabega yakawa yanamtikisika. Nami nilikuwa nacheka. Bi Tatu akaweka viganja mdomoni, akavuta pumzi, tayari kupiga ukelele wa mama wa kufukuza ndege.

Na mama mwenyewe akaita.

Ilitoka kwenye simu ya mgeni mmoja wa Mtawanya, mtu mzima na ndevu zake, aliyekuwa anacheza huku anasubiri pilau. "Weee! Lala tu!" Sauti nzima nzima, uani kwake, kwenye arobaini yake. Hakuna aliyecheka tena. Dada alipiga yowe lile lile la siku ya kwanza na wanawake wakamdaka kabla hajaanguka. Yule mgeni wa watu alihangaika kuizima simu mpaka ikamponyoka. Bi Tatu alibaki amesimama, viganja bado mdomoni. Kisha akaifungua ile kanga, akaikunja polepole, akaja kuniwekea mapajani.

"Kazi yangu ushaifanya wewe, baba," akasema. "Mie n'mwige nani, na mwenyewe yupo?"

Nilimpa haki yake ya utani. Akairudisha. Nimehudhuria misiba mingi, sijawahi kumwona mtani akikataa chake.

Nimekulia kwenye desturi hii na sikuwahi kuifikiria. Mtani akiivua nguo ya marehemu, watu wanaona kwa macho yao kwamba amekwenda. Wanaanza kupanga viti na kuosha masufuria. Jumamosi hakuna aliyepanga kitu. Watu waliondoka mmoja mmoja, pilau nyingine ikabaki sufuriani, na mimi niliyejiona mjanja wa kuwahifadhi watu wa kwetu ndiye niliyeharibu arobaini ya mama yangu.

Jana asubuhi dada alinikuta napiga mswaki. Alikuwa na ungo wa mchele mkononi, hakunitazama usoni.

"Mdogo wangu, wewe si ndiye mkubwa huko? Mtoe mama humo. Mtu akishazikwa aachwe apumzike."

Nikasema sawa, dada. Nikasema kama mtu mwenye uwezo.

Sina uwezo wowote. Hili sijamwambia mtu hapa kijijini, wala nyinyi wasomaji wangu sikuwaambia. Kampuni nimeiuza. Wakati mama anaumwa nilikuwa kwenye mikutano na wanunuzi. Nikampigia simu kwamba nitakuja Ijumaa, Ijumaa ile ikawa Ijumaa nyingine, na yeye kila mara alijibu, "Maliza kazi yako kwanza, baba." Saini niliweka Jumamosi. Mama alifariki Jumatatu. Siku hizi naitwa mshauri, cheo cha mtu anayeachwa akae ili asione aibu kuondoka.

Kwenye mkataba kulikuwa na orodha ya vinavyouzwa: jina la mchezo, picha, muziki, na sauti zote zilizorekodiwa. Wakili aliniuliza kama kuna chochote nataka kibaki kwangu. Nikasema hakuna. Ningependa kuandika hapa kwamba sikukumbuka, kwamba siku ile nilikuwa na mambo mengi kichwani.

Nilikumbuka.

Nilikumbuka, nikaogopa kwamba nikiitoa ile sauti watashusha bei au wataahirisha, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikajiambia mama mwenyewe angecheka. Basi nikaendelea kusaini, ukurasa kwa ukurasa, kwa kalamu waliyonipa wao.

Leo asubuhi niliendesha gari mpaka Kibiti mjini, kwa sababu hapa mtandao unakuja na kukatika, na nilitaka kuzungumza bila dada kunisikia. Niliegesha nyuma ya maduka nikampigia mwanamama anayekaa sasa kwenye kiti changu. Ni mpole sana, siwezi kumsingizia. Alinipa pole ndefu. Nikamweleza habari ya arobaini, Bi Tatu, dada, kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema anaelewa, lakini sauti ile ndiyo mchezo wenyewe, na hata yeye akitaka kuiondoa wenzake hawatakubali.

Halafu, kwa nia ya kunifariji nadhani, akanipa habari njema. Kuna kompyuta siku hizi zinazoweza kuichukua sauti ya mtu na kuitamkisha maneno ambayo hakuwahi kuyasema. Wameshaanza kuijaribu. Toleo lijalo mama atakuwa anampongeza mchezaji akishinda, na baadaye atazungumza Kifaransa.

Mama, ampongeze mtu! Miaka yote niliyolinda naye mpunga, sikuwahi kusikia neno la pongezi. Ukimaliza siku bila ndege kutua alikuwa anakupa kiazi cha kuchoma na kugeukia mambo mengine. Ndiyo ilikuwa pongezi yake, na sisi tuliijua, na kiazi kile kilikuwa kitamu. Sasa mtu nisiyemjua ataandika sentensi ofisini, na mama ataisema kwa sauti ile ile, na watu wataamini ndivyo alivyokuwa. Na mimi nimewapa karatasi yenye saini yangu.

Nilikaa garini kama saa nzima. Nililia, na muuza machungwa alikuja dirishani, akaniona, akaondoka.

Niliporudi nilipitia nyuma, upande wa jikoni. Dada alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya nazi, simu mkononi, kakunja uso. Hakunisikia. Nilidhani anaongea na mtu, kumbe anacheza. Hakuwa anafukuza ndege. Alikuwa amekiweka kidole mbali na kioo, anawatazama tu wanavyotua. Mama akafoka, "Weee! Lala tu!"

"Abee, mama," dada akasema. "Sijalala."

Akaanza upya. Ndege wakaja, akawaacha, mama akafoka, akaitika tena. Mara ya tatu akaniona mlangoni. Hakuificha simu.

"Si kwamba simtaki, Saidi," akasema. "Ila akifoka n'naitika. Kwa jirani wakicheza n'naitika, barabarani n'naitika. Halafu n'geuke, hamna mtu. N'tapata wazimu. Mtoe."

Nikasema ndiyo, dada. Akauliza lini. Nikasema wiki hii. Maneno yalitoka yenyewe, mepesi, kama nilivyokuwa nikiwaambia wawekezaji. Akashukuru, akaniombea dua, akanikunia nazi ya wali wa mchana. Nimeula wote.

Nimefanya kazi hii miaka kumi na mbili. Nimesimama majukwaani nikapigiwa makofi. Nikiulizwa leo nimepata nini, nitasema nimemweka mama mahali ambapo hawezi kufa wala hawezi kurudi, na funguo nimewapa watu wengine. Sioni njia ya kulirekebisha hili. Nimefikiria kwenda mahakamani, lakini nitawashtaki kwa kosa gani? Waliuliza kama kuna cha kubaki, nikajibu hakuna.

Kitu kimoja tu kimebaki mikononi mwangu, nacho ni kumwambia dada ukweli. Kesho asubuhi, kabla hajawasha moto, nitakwenda kukaa naye jikoni na kumwambia kwamba mimi si mkubwa wa mahali popote, kwamba mama hatoki, na kwamba karibuni ataanza kusema mambo ambayo hakuwahi kuyasema. Ataniuliza kwa nini niliuza. Sijui kama nitaweza kumjibu bila kudanganya tena.

Adhana ya magharibi imekwisha. Kanga ya rangi ya ndimu bado iko kwangu, Bi Tatu hajaja kuichukua amalize kazi yake, na hatakuja. Kwa jirani kuna mtu anacheza, nasikia mabawa ya ndege wetu, yale niliyoyarekodi mwenyewe. Sasa wametua.

Dada ameitika.